Kikombe cha Pembeni: Unyanyapaa, Utengano Wenye Mwisho na Kiswahili cha VVU katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala hii inajadili namna Kiswahili kinavyotaja kutengwa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), kwa kurejelea wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Hoja yake kuu ni kwamba neno unyanyapaa, lililoenezwa na kampeni za afya, limebeba maana ya kinyaa na halina ukomo wa wakati, ilhali Wadatoga na Wairaqw wana desturi za kale za utengano zinazoongozwa na hofu ya madhara na ambazo kwa kawaida huwa na siku ya kwisha. Mambo hayo mawili yakiitwa kwa jina moja, ujumbe wa kampeni humkosa anayelengwa. Makala inachambua mofolojia ya maneno kunyanyapaa na mwathirika, inayalinganisha na msamiati wa eda, arobaini na kutengwa kanisani, kisha inatazama tamthiliya mbili zilizosomwa shuleni na msamiati wa tiba ya sasa.

1. Utangulizi

Mtu akiulizwa atoe mfano wa unyanyapaa dhidi ya watu wanaoishi na VVU, aghalabu hutaja vyombo. Mgonjwa ametengewa kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, na wengine hawavigusi. Mfano huu umezoeleka mno katika mafunzo ya afya, katika michezo ya redio na katika hotuba za Siku ya UKIMWI Duniani, hata haudai maelezo: kikombe kilichowekwa pembeni ni alama ya chuki.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang mfano huo unadai maelezo. Kwa Wadatoga, ambao kundi lao kubwa hapa ni Wabarbaig, kikombe cha pembeni kilikuwapo kabla ya UKIMWI kujulikana. Mama aliyejifungua na mtu aliyefiwa hukaa katika hali iitwayo metida, na mojawapo ya masharti yake ni kutoshirikiana vyombo na wengine. Anayetengwa hachukiwi kwa sababu hiyo. Jirani anayetoka kumwona mjane wa namna hiyo bila kunywa kitu haoni kwamba amemdhalilisha, na mjane mwenyewe angeshangaa kama jirani angefanya vinginevyo.

Hapo ndipo tatizo la kiisimu linapoanzia. Mwelimishaji wa afya anaposema kwa Kiswahili kwamba kumtengea mtu vyombo ni unyanyapaa, msikilizaji anaweza kulielewa kila neno na bado asione kwamba anaambiwa yeye. Anajua kwamba hamchukii mtu. Makala hii inachunguza nafasi iliyopo kati ya neno na tendo hilo, kwa kutumia maandishi ya kianthropolojia kuhusu eneo hili, miundo ya maneno ya Kiswahili yanayotumika katika kampeni na mitaani, na kazi chache za fasihi.

2. Mahali, lugha na takwimu

Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mbulu imekaa juu ya nyanda zinazoinuka kando ya Bonde la Ufa. Hanang imeuzunguka mlima wenye jina hilo, na makao yake makuu ni Katesh. Kiisimu eneo hili ni la pekee Afrika Mashariki. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kinilo, Kinyiramba na Kinyaturu ni za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda huzungumza Kihadza, lugha yenye sauti za kidoko ambayo haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hawa shuleni, mahakamani, sokoni, kanisani na hospitalini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa lugha zote hizo, na ushauri nasaha kabla na baada ya kupima huhitaji lugha ya pamoja. Kwa hiyo kwa watu wengi wa hapa, VVU ni jambo lililoingia maishani kwa Kiswahili. Majina yake, maonyo yake na huruma yake vilikuja vikiwa vimeshaundwa kwingine.

Maambukizi hapa yamekuwa ya chini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Lakini Yahya-Malima na wenzake, waliopima watu katika Mbulu na Hanang mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipata kiwango cha takriban asilimia 2, wakati utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulipata asilimia 7. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliiweka Manyara chini ya mikoa yote ya Bara, kwa asilimia 1.5 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Njombe ilikuwa na asilimia 14.8. Takwimu hizi hupokelewa kama habari njema, na kweli ni njema. Lakini kwa mada yetu zina upande wa pili. Mahali ambapo karibu kila ukoo umezika mtu kwa UKIMWI, kama ilivyokuwa Kagera, watu walilazimika kujifunza namna ya kuishi na ugonjwa huo. Mahali ambapo wenye VVU ni wawili kati ya mia, kila mmoja wao huonekana peke yake, na maneno yanayomhusu hutoka zaidi redioni na kwenye mabango kuliko katika uzoefu wa kumuuguza ndugu.

3. Metida na metimani

Uchambuzi wa kina zaidi kuhusu metida ni wa Blystad, Rekdal na Malleyeck (2007), uliotanguliwa na kazi ndefu ya Blystad juu ya uzazi miongoni mwa Wadatoga. Kiini cha maelezo yao, kwa jinsi kinavyotuhusu, ni hiki: kuna matukio ambayo huacha hali ya hatari mwilini na nyumbani mwa mhusika. Kifo ni mojawapo, na kuzaa, hasa kunapoingia mkosi, ni jingine. Damu na majimaji ya mwili huwa katikati ya hofu hiyo. Aliye katika hali hiyo hujiepusha na wengine, nao humwepuka: haingii nyumba za watu, hali nao, hanywi kutoka chombo chao. Muda hutofautiana kwa uzito wa tukio. Wengine hukaa majuma, wengine miezi mingi. Kisha hali hiyo huondolewa kwa taratibu za kimila, na mtu hurudi kula na kunywa na wenzake.

Wairaqw wana desturi inayofanana, ambayo katika maandishi ya ethnografia huitwa metimani. Waandishi kama Thornton (1980) na Snyder (2005) wameonesha jinsi Wairaqw walivyohusianisha usalama wa ardhi na usafi wa kimila wa wanaoikalia. Hili lilikuwa na upande mkali. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliondolewa na kwenda kukaa nje ya eneo la jamii, kwa kuwa kujifungulia ndani kungeleta balaa kwa wote. Hapa ni lazima kusema wazi kwamba utengano unaoelezwa na wenyewe kuwa ni kinga unaweza kumuumiza anayetengwa kuliko chuki ya wazi, na kwamba mila haimpi msichana huyo nafuu yoyote kwa kuwa tu ina mantiki. Mtafiti anayeshindwa kuona hilo amekuwa wakili wa mila.

Hata hivyo tofauti mbili zinabaki, na ndizo zinazobeba hoja ya makala hii. Kwanza, metida hutokana na tukio: kilichotokea ndicho chenye hatari, na mtu yumo ndani ya hatari hiyo kama mtu aliyekutwa na mvua. Pili, metida kwa kawaida ina mlango wa kutokea. Wanajamii wanajua ni lini na kwa namna gani aliyetengwa atarudishwa.

VVU viliingia katika mfumo huu vikiwa vimebeba vyote vinavyougusa: damu, ngono, uzazi na kifo. Haistaajabishi kwamba njia za zamani za kujilinda zilipata kazi mpya. Lakini VVU havikuja na taratibu za kuondolewa. Aliyetengwa kwa sababu ya kifo cha mtoto alijua siku zake zinahesabiwa kuelekea kurudi. Aliyetengwa kwa sababu ya virusi hakuwa na siku ya kuhesabu. Nadhani huu ndio ubaya mpya hasa ulioletwa na ugonjwa huu: utengano wa zamani ulibaki, ila mlango wake ulizibwa.

4. Sarufi ya kunyanyapaa

Katika Kiingereza na lugha nyingi za Ulaya, jambo hili huitwa kwa neno la Kigiriki lililomaanisha alama iliyochomwa au kukatwa kwenye ngozi ya mtumwa au mhalifu. Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliujenga uchambuzi wake juu ya picha hiyo: kuna mtu mwenye alama, na kuna wanaoiona. Alama iko kwa anayedharauliwa. Wakosoaji wa baadaye, wakiwamo Link na Phelan (2001), walifanya kazi kubwa kuirudisha lawama kwa wanaoibandika alama hiyo na kwa mamlaka inayowawezesha.

Kiswahili hakikuhitaji safari hiyo. Kunyanyapaa ni kitenzi elekezi, na kiini cha maana yake ni kinyaa: kumwepuka mtu, hasa mgonjwa, kwa kuchukizwa naye. Mtendaji ndiye anayenyanyapaa. Hakuna alama kwa anayetendwa. Ubaya uko moyoni na mkononi mwa mtenda. Kwa hiyo waliolichagua neno hili kuwa istilahi ya kampeni walichagua vizuri, pengine kuliko walivyojua.

Lakini istilahi huishi katika sentensi, na sentensi za kampeni zimelipindua neno hili. Kitenzi hiki hutumika kwa wingi katika hali ya kutendwa, na sauti l ambayo hufichika katika vitenzi vinavyoishia na irabu mbili hujitokeza: kunyanyapaa, kunyanyapalia, kunyanyapaliwa. Husemwa kwamba watu wanaoishi na VVU wananyanyapaliwa. Na nani? Kiunganishi na, ambacho kingemleta mtendaji, hakionekani mara nyingi. Katika hali ya unomino mambo huwa mepesi zaidi kwa mtenda: unyanyapaa upo, unyanyapaa umepungua, tokomeza unyanyapaa. Jambo limekuwa kama hali ya hewa. Wala hatuna nomino iliyozoeleka ya mtenda. Mnyanyapaaji inaweza kuundwa kisarufi na huonekana hapa na pale, ila haijaenea kama ilivyoenea mwathirika. Tumempa jina anayetendewa na kumwacha anayetenda bila jina.

Sheria ya Kudhibiti na Kuzuia UKIMWI, Na. 28 ya mwaka 2008, inakataza unyanyapaa na ubaguzi, na maneno hayo mawili husafiri pamoja katika nyaraka zote za Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS). Ubaguzi unaweza kuthibitishwa: mtu amefukuzwa kazi, amenyimwa chumba, mtoto amekataliwa shuleni. Unyanyapaa, kwa kuwa ndani yake kuna kinyaa, unadai ushahidi wa moyo. Mtu akiwekewa kikombe pembeni na mkwewe wa Kidatoga, mkwe atasema kwamba hakuna kinyaa, na anaweza kuwa anasema kweli. Neno limemwachia njia ya kukwepa.

5. Jina lisilo na wakati

Majina ya mtu mwenye VVU yamebadilika haraka kuliko majina ya ugonjwa wowote mwingine ninaoufahamu katika Kiswahili. Mtaani palikuwa na, na bado pana, misemo ya mafumbo: ana ngoma, amekanyaga miwaya, ameukwaa, ana mdudu. Kagera ya miaka ya 1980 iliuita ugonjwa kwa jina la shati la Juliana lililokuwa la fasheni wakati huo, na vijana wa mijini waliifumbua herufi moja moja ile kifupi cha Kiingereza kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Lugha rasmi nayo haikuwa na upole. Gonjwa hatari, iliyozoeleka magazetini, imeling'oa neno ugonjwa kutoka ngeli yake na kuliweka katika ngeli ya vitu vikubwa na vya kutisha. Ni tusi linalotamkwa kwa kiambishi.

Mwathirika ilikuja kama nafuu. Ilichukua nafasi ya mgonjwa wa UKIMWI, ambayo haikuwa sahihi kwa mtu mwenye virusi na afya njema. Athiri, mzizi wenye asili ya Kiarabu, ulipewa kiambishi -ik- cha kutendeka, ambacho huonesha hali bila kumtaja aliyeisababisha, kama katika vunjika au haribika. Neno likawa halimlaumu mtu. Kwa muda mfupi lilifanya kazi, kisha likafanywa na jamii kile ambacho jamii huyafanyia maneno ya staha yote: likawa ndilo jina lenyewe. Leo ukisema fulani ameathirika, bila kusema ameathirika na nini, hakuna atakayefikiria mafuriko.

Ninachotaka kukionesha, hata hivyo, ni zaidi ya uchakavu wa tafsida. Tazama tofauti ya fulani ameathirika na fulani ni mwathirika. Ya kwanza ni kitenzi chenye -me-, hali iliyotimia ambayo inaweza kufuatwa na hali nyingine. Ya pili ni nomino. Haina kiambishi cha wakati, wala haiwezi kukipokea. Mtu aliyeitwa mwathirika mwaka 1999 ni mwathirika mwaka huu, kama ambavyo Mnyiramba ni Mnyiramba. Ngeli ya m-/wa- imempa uraia wa kudumu katika taifa la wagonjwa.

Kauli ya sasa, watu wanaoishi na VVU, imerudisha kitenzi, na kwa hilo ni bora. Kirejeshi kina -na-, wakati unaoendelea, na kitenzi ni kuishi. Ila nyaraka hazina subira na virai virefu. Kikapatikana kifupi, WAVIU, nacho kikaanza mara moja kutenda kama nomino ya ngeli ya wa-: WAVIU wamefika, WAVIU wapewe nafasi. Sauti wa- ya mwanzo, iliyotokana na neno watu, imewasaidia wasemaji kuikubali bila kujiuliza. Jitihada ya kumtoa mtu katika nomino imemrudisha humo kwa mlango wa nyuma.

Linganisha sasa na metida. Kama maelezo ya waandishi tuliowataja ni sahihi, mtu wa Hanang anayeufahamu mfumo huo anao uzoefu wa kumfikiria mtu kuwa ndani ya hali, kisha nje ya hali. Kiswahili cha kampeni kimemletea mtu ambaye ni hali.

6. Eda, arobaini na kundini

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili chenyewe hakina namna ya kufikiri ya aina ya metida. Kinayo tele, ila haikuajiriwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo hutoka eda. Vitenzi kukaa na kutoka vinaifanya eda iwe kama chumba. Mama aliyejifungua huhesabiwa arobaini, na arobaini ikifika mambo hubadilika. Mwali huwekwa ndani na kisha hutolewa. Katika yote haya kuna mwili uliopita katika tukio zito, kuna watu wanaokaa mbali nao kwa heshima au kwa hofu, na kuna siku inayojulikana. Hakuna Mswahili anayesema kwamba mwenye eda ananyanyapaliwa.

Hivyo mfasiri au mwelimishaji anayehitaji kuieleza metida kwa Kiswahili ana neno la kuanzia, na hilo si unyanyapaa. Kusema kwamba metida ni kitu cha jamaa ya eda na arobaini kungekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa hakungekuwa ukweli wote, kwa sababu eda ni ibada yenye sheria iliyoandikwa, nayo metida imefungamana na dhana ya madhara yanayoambukizwa kwa kugusana.

Mbulu na Hanang, ambako Ukristo umeenea, zinao pia msamiati mwingine wa utengano wenye mwisho. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, muumini aliyekiuka maadili, kwa mfano kwa kupata mtoto nje ya ndoa, hutengwa, yaani huzuiliwa kushiriki Meza ya Bwana, na baada ya toba hurudi kundini. Hapa pia pana kikombe! Na pana mlango wa kurudia, unaofunguliwa hadharani mbele ya usharika. Lakini mfano huu una sumu ndani yake kwa mada yetu. Kurudi kundini kunadai kukiri kosa. Mtu anayeishi na VVU akipokelewa kwa msamiati huu, hata na watu wenye nia njema kabisa, amekwisha kuhukumiwa kabla ya kukaribishwa. Na mke aliyeambukizwa na mumewe, au kijana aliyezaliwa na virusi, hana la kutubia. Katika hili metida, ambayo humtazama mtu kama aliyepatwa na jambo, ina huruma kuliko toba.

7. Waliokwisha kufa jukwaani

Fasihi ya Kiswahili iliuchukulia UKIMWI kwa uzito mapema. Mkufya aliupa riwaya nzima, Ua la Faraja (2004), na nafasi yake inastahili makala ya peke yake. Hapa nitagusa tamthiliya mbili tu, kwa kuwa ndizo zilizowafikia vijana wengi zaidi kupitia mtaala wa sekondari, wakiwamo wanafunzi wa Mbulu na Hanang: Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, na Orodha ya Steve Reynolds (2006).

Kilio Chetu inailaumu jamii ya wazazi kwa ukimya wao juu ya elimu ya jinsia. Ni tamthiliya ya onyo, na vijana wake wanaoambukizwa wamewekwa humo ili waonye. Orodha ina hila nzuri zaidi. Msichana Furaha amekufa, na ameacha barua isomwe mazishini. Wakubwa wa kijiji wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba barua ina orodha ya majina ya waliolala naye, nao wanahangaika kuizuia. Orodha inaposomwa inageuka kuwa ya mambo ambayo jamii ilihitaji ili imwokoe, na majina yao hayamo. Kwa lugha ya sehemu ya nne ya makala hii, Reynolds ameurudisha mtendaji kwenye sentensi. Hofu ya kutajwa imewaonesha waliokuwa wanajificha nyuma ya kauli ya kutendwa.

Tatizo ni kwamba Furaha anasema akiwa maiti. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure katika vituo vya umma nchini mwaka 2004, miaka miwili kabla ya Orodha kuchapishwa, na mwaka 2007 Rais Kikwete alipima hadharani kuzindua kampeni ya upimaji. Wakati huo tamthiliya iliyosomwa darasani ilikuwa bado haina mhusika mwenye virusi anayezeeka. Mwanafunzi aliyezaliwa na VVU, anayemeza dawa kila usiku bwenini kwa siri, alisoma kitabu cha mtihani ambamo watu kama yeye hutumika kufundisha wengine kwa kufa. Sidhani kuna bango lolote la kupinga unyanyapaa lililoweza kulifuta somo hilo.

8. Kufubaa na kutogundulika

Tiba imebadilisha jambo ambalo lugha bado haijalipokea. Utafiti uitwao PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia jozi 888 za wenzi ambao mmoja wao alikuwa na VVU na virusi vyake vilikuwa vimedhibitiwa kwa dawa. Baada ya takriban matukio 58,000 ya kujamiiana bila kondomu, hapakupatikana hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi huyo. Tangu wakati huo imekubalika kimataifa kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo kwa sababu ya dawa, na anaendelea na dawa hizo, haambukizi kwa njia ya ngono. Kwa maneno ya sehemu ya tatu, mlango uliozibwa umefunguka.

Tumeuitaje? Neno linaloelekea kushinda ni kutogundulika, nalo lina kasoro ambayo mwanaisimu ataiona haraka. Kiambishi -ik- katika gundulika ni kilekile cha athirika, na kina maana mbili: hali na uwezekano. Kitu kisichogundulika ni kitu ambacho hakijaonekana, au kitu kisichoweza kuonekana. Msikilizaji anayechukua maana ya pili anasikia kwamba virusi vimejificha. Kwa mtu aliyezoea kuogopa hatari isiyoonekana kwa macho, hiyo ni habari mbaya kuliko ya mwanzo.

Kufubaa ni bora zaidi. Rangi hufubaa, chuma hufubaa; kitu kilichofubaa kipo, hakijaondoka, ila kimepoteza ukali wake. Kauli ya kusababisha, kufubaza, imo tayari katika jina la dawa, na inamtaja mtenda: dawa inafubaza virusi. Na kitenzi hiki hupokea wakati. Virusi vyake vimefubaa. Vilikuwa havijafubaa, sasa vimefubaa, akiacha dawa vitarudi kuwa vikali. Sentensi hiyo ina yote ambayo mwathirika haina.

Hapana budi kuwa waangalifu na neno kupona. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Manyara, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, na kuna wenye VVU walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamepona. Tukio hilo limesemwa sana kama kisa cha upumbavu wa umma. Mimi naliona pia kama ushahidi wa kiu: watu walikuwa wakitafuta tendo moja la hadharani ambalo baada yake mtu angesema yamekwisha, na wakalipata katika kikombe, chombo kilekile ambacho walikuwa wametengewa.

Kliniki haiwezi kutoa tendo la namna hiyo, kwa kuwa dawa ni ya kila siku. Lakini inalo jambo moja linalofanana nalo, ambalo mpaka sasa hufanyika kimyakimya mezani kwa mhudumu: siku majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yanapoonesha kwamba vimefubaa. Mwenye majibu, akitaka mwenyewe na akichagua nani wasikie, anaweza kuambiwa siku hiyo mbele ya mkwe wake, kwa Kiswahili kisha kwa Kidatoga au Kiiraqw. Sentensi ya Kiswahili inaweza kuwa fupi: virusi vimefubaa, haviambukizi kwa ngono, na kwa kikombe havikuwahi kuambukiza. Kitenzi cha mwisho kinapaswa kutamkwa polepole, kwa sababu -kuwahi- kinarudi nyuma na kuvigusa vikombe vyote vilivyokwisha kutengwa.